Marehemu wa Kwenye Mabegi

Kwa miaka kumi na mitatu bibi yangu aliwaombea dua watoto ambao hawakuwa wamekufa. Mimi ndiye niliyempa majina yao, na mimi ndiye niliyekuja kumwambia kuwa ni wazima. Katika hayo mawili, bado sijui lipi lilimtesa zaidi.

Majina yalitoka kwenye vitabu vya katuni. Ninavyo ishirini na tisa, ndani ya sanduku la bati nililokwenda nalo bweni kidato cha kwanza, na vyote ni vya mashujaa: mwanamke wa koti la njano anayezuia mafuriko kwa viganja, jamaa anayegeuka kioo akitishwa, binti anayesikia mtu akinong'ona nchi ya tatu. Sikununua hata kimoja. Mama alikuwa anauza mabegi ya mtumba kwenye magulio ya huku milimani, mjini Lushoto, Mlola na kwingine kokote ambako watu wangekusanyika na njia ikapitika. Belo jipya la mabegi yaliyobanwa likifika nyumbani, kazi yangu ilikuwa kupekua mifuko kabla mabegi hayajafutwa vumbi na kujazwa makaratasi ili yasimame vizuri sokoni.

Begi la shule la mtoto wa Ulaya lina mifuko ambayo hata fundi aliyelishona hawezi kuikumbuka yote. Sheria ya mama ilikuwa fupi: kilichomo mfukoni ni changu, isipokuwa dawa na wembe. Nilipata penseli, vibanio vya nywele, funguo za milango nisiyoijua. Mara moja nilipata jino la utoto limeviringishwa kwenye karatasi laini, na bibi akanituma nikalitupe juu ya paa, kama tunavyotupa yetu.

Katuni ya kwanza niliipata nikiwa na miaka tisa, wakati wa masika, siku ambayo ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya nyumba na belo likafunguliwa sebuleni. Ilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa begi la bluu. Jalada la ndani lilikuwa na jina limeandikwa kwa penseli, na katikati kona ya ukurasa mmoja ilikuwa imekunjwa.

Bibi, mama yake baba, alikuwa ameketi karibu na jiko la mkaa. Alinyoosha mkono, akaipokea, akaigeuza.

"Ina mwenyewe hii," alisema. "Soma jina."

Nikasoma. Lilikuwa jina la maneno mawili, na la pili lilikuwa na konsonanti nne zimefuatana kama mbuzi kwenye njia nyembamba.

"Ni mtoto," bibi alisema. Hakujua kusoma, lakini aliweka kidole juu ya herufi. "Tazama zinavyopanda mlima. Mtu mzima huandika tambarare." Kisha akagusa ile kona iliyokunjwa. "Alikuwa amefika hapa."

"Akaenda wapi?"

"Wewe unadhani begi zima namna hii, zipu inafunga, mikanda haijachoka, mtu ataliacha aende wapi?"

Watu wa umri wake waliuita mtumba kafaulaya. Kwangu lilikuwa neno tu, jina la biashara ya mama. Kwa bibi lilikuwa habari. Mtu alikufa kule, vitu vyake vikafungwa, vikaletwa. Yeye alikuwa na kikapu alichokishona upya mara nyingi mpaka kikawa hakina hata ukindu mmoja wa mwanzo. Kwa mtu wa namna hiyo hakukuwa na maelezo mengine ya begi zima lisilo na mwenyewe. Mimi nilikuwa mtoto wa maswali; walimu walikuwa wameshanichoka. Lakini hoja ile niliizunguka pande zote nikakosa tundu.

"Huwezi kupita mahali alipofia mtu bila kumsomea," bibi alisema. Kwa hiyo kabla sijaivuka ile kona iliyokunjwa, tulikaa wawili, tukamsomea Fatiha mtoto wa konsonanti nne.

Hivyo ndivyo ikawa desturi ya nyumba yetu. Si kila belo lilikuwa na katuni. Yalipita hata manne bila kitu. Lakini ilipopatikana, nilisoma jina, bibi akalirudia mpaka likakaa mdomoni mwake, tukasoma dua, ndipo nikaruhusiwa kuendelea. Kila Ijumaa asubuhi aliyataja majina yote kwa mpangilio wa kufika kwao. Nilipomuuliza anayakumbukaje, alisema, "Wewe unazikumbukaje nyimbo?"

Baada ya muda nilianza kuwa na wasiwasi juu ya dini zao. Nikamuuliza mwalimu wa madrasa kama inafaa kumwombea mtu usiyejua aliabudu nini. Akanitazama kwa muda, maana nilikuwa nimeshamuuliza jua hulala wapi na kama majini hulipa kodi. Akasema mtoto mdogo hana hesabu, hahitaji kuombewa msamaha. Kama tunataka thawabu, tuwaombee wazazi waliofiwa. Nikampelekea bibi jibu hilo. Akalifikiria akichambua mchele.

"Amesema kweli," alisema. "Mtoto amepumzika. Mwenye kazi ni mama yake." Tangu siku hiyo kila jina lilifuatwa na ombi la pili: na mama yake umpe subira.

Nisije nikaifanya nyumba yetu ionekane ya huzuni. Bibi na mimi tulikuwa na utani kama ulivyo kati ya bibi na mjukuu. Mimi nilikuwa mke mwenzake, na kwa kuwa babu alishafariki, tulikuwa wajane wawili tunaogombea mume aliyekwisha ondoka. Belo likifunguliwa angeuliza kutoka jikoni, "Mke mwenzangu, leo tumefiwa na wangapi?" Na mimi ningejibu, "Leo salama, leo ni kofia na soksi moja."

Mashujaa wenyewe aliwaonea huruma kidogo. Jioni nilimfunulia kurasa, yeye akatazama picha na mimi nikamweleza kwa Kishambaa kilichochanganywa na Kiswahili cha shuleni, nikijaza kwa kubuni pale Kiingereza kilipoishia. Yule mwenye joho la kupepea alimwita mtu aliyekimbia nyumba ikiungua, akatoka na shuka la kitandani. "Na huyu anayezuia mafuriko," aliuliza, "shamba lake liko wapi?"

"Hana shamba, bibi."

"Anakula nini?"

"Hawaonyeshi akila."

"Basi anakula kwa watu. Na mama yake?"

"Alifariki. Wote mama zao wamefariki, ndivyo zinavyoanza hadithi zao."

Bibi akasema sasa ameelewa kwa nini watoto wale walikuwa wakibeba vitabu hivi. Sikuuliza alielewa nini. Ni moja ya mara chache maishani nilipoacha kuuliza, na ninaijutia.

Kwa kuwa mabelo hayakuletwa kwa mpangilio wowote, sikuwahi kupata matoleo mawili yanayofuatana. Hadithi zangu zote zilikatikia mtu akianguka kutoka ghorofani. Nilipofika sekondari nilikuwa na Kiingereza kizuri kuliko darasa zima, na sikuwa najua mwisho wa kitu chochote.

Chuo kikuu kilinipa nilichokuwa nikikitafuta, watu wanaolipwa kuuliza maswali. Mwaka wa tatu tulipewa kazi ya kufuatilia bidhaa moja tangu inakotoka mpaka inakouzwa. Mimi nilichagua mtumba. Nikakaa saa nzima kwenye ghala la mwagizaji mmoja, mtu mchangamfu aliyekuwa akila machungwa juu ya mabelo, na nikamuuliza kuhusu mabegi ya shule.

"Hayo msimu wake unajulikana," alisema. "Shule zikifunga, wanatupa. Zikifungua wananunuliwa mapya."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, dada. Mtoto hataki kuonekana na begi la mwaka jana."

"Hata likiwa zima?"

Alinicheka kwa upole. "Ungependa wasubiri litoboke? Sisi tungeuza nini?"

Nilirudi bwenini nikiwa na hasira ambayo sikuweza kumweleza mtu. Mtoto wa konsonanti nne hakufa. Alichoka. Alifika kwenye ile kona, akaikunja, akaona uvivu, akapewa begi jipya. Huenda sasa alikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Na sisi huku tulikuwa tumemsomea Fatiha tukiwa na baridi hadi kwenye mifupa.

Nilikuja likizo mwezi wa saba na habari hiyo kama mtu aliyebeba zawadi. Nilimwambia mama kwanza, jikoni, tukimenya viazi.

Mama hakushangaa. "Mimi najua," alisema. "Ningeuzaje mabegi miaka yote hii nisijue?"

"Kwa nini hukumwambia bibi?"

"Ningemwambia ili iweje? Na wewe usimwambie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hajakuuliza."

Hilo kwangu halikuwa jibu. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu nikiambiwa kuwa ukweli haungoji kuulizwa. Tena niliona ni habari njema. Nani hafurahi kusikia kwamba watoto aliodhani wamekufa wako hai?

Ijumaa iliyofuata tulikaa uani kupukuchua maharage, jua limetoka kidogo. Bibi alimaliza kutaja majina yake, akajipangusa uso kwa viganja. Nikasema, "Bibi, wale watoto hawajafa."

Nikamweleza yote: ghala, msimu, shule kufunga. Alisikiliza mikono ikiwa ndani ya ungo.

"Wazima?" aliuliza.

"Wazima."

"Umewaona?"

"Sijawaona. Lakini mwagizaji..."

"Yeye amewaona?"

"Bibi, na wewe ulijuaje kwamba wamekufa?"

Hapo nilijiona mshindi. Bibi aliutazama ungo wa maharage kana kwamba kuna aliyemwekea kitu kigeni. Kisha uso ukabadilika, na haukuwa uso wa furaha.

"Nimewaita marehemu," alisema taratibu. "Watoto wa watu, wazima. Kila Ijumaa."

Akainuka, akaniacha na maharage.

Siku mbili hakutoka kuota jua. Chakula alikirudisha kama kilivyopelekwa. Mama hakunigombeza, alinipa tu sahani niioshe, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nilikwenda kukaa kitandani kwa bibi nikamtolea hoja zangu. Nilimwambia maneno hayavuki bahari, hayamuui mtu, kwamba hakuna mtoto aliyeanguka baiskeli kwa sababu ya uani kwetu.

"Hayavuki?"

"Hayavuki, bibi."

"Basi na mama zao, niliowaombea subira. Hayo nayo hayakufika?"

Ningeweza kusema kwamba mama zao hawakuhitaji subira yoyote, lakini hata mimi niliona nisiende huko.

Nikaenda kwa mwalimu wa madrasa, ambaye sasa alikuwa akisikia kwa sikio moja. Nilimpa shikamoo yangu, akacheka aliponitambua, akauliza kama nimeshapata jibu la kodi ya majini. Nilipomweleza shida akasema dua haipotei, na Mwenyezi Mungu anajua aliyekusudiwa kuliko anavyojua mwombaji; bibi asijitese. Nilipeleka jibu hilo mbio, karibu niteleze kwenye mteremko.

"Anajibu vyepesi," bibi alisema, "kwa kuwa si yeye aliyekosea." Lakini aliketi. Alikuwa ameanza kufikiri, na mimi niliufahamu uso huo. Aliniambia kwamba alipokuwa msichana kuna mtu wa kijiji alikwenda kwenye mashamba ya mkonge huko chini, ikaja habari kwamba amekufa, akaliliwa, akafanyiwa hitima. Miezi ikapita, akatokea njiani na godoro kichwani.

"Mlifanyaje?"

"Ungefanyaje? Tulisalimiana naye. Kila aliyemlilia alikwenda akasalimiana naye kwa jina, mmoja mmoja, ili lile la kwanza lifutike. Lete sanduku."

Nikaleta. Tukakaa mkekani mlangoni, mchana, na mama akasimama na mwiko akitutazama. Nilitoa katuni ya kwanza nikasoma jina. Bibi akajitengeneza kanga mabegani. Nikasoma tena.

"Ninangoja," alisema.

"Msalimie basi."

"Nimsalimie mimi? Mimi nianze? Huyu ni mjukuu wangu kwa umri. Kule chuo mmeacha adabu zote?"

Mama akageukia ukuta, mabega yakimcheza kwa kicheko.

Kwa hiyo ilinibidi mimi niwe mtoto wa konsonanti nne. Mimi, niliyeandika insha ya kurasa kumi na mbili kupinga kila kitu kisichopimika, nilishika katuni kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba," bibi alisema, akaongeza jina lote la mtoto. "Hujambo mjukuu wangu? Mama yako hajambo?"

"Hajambo, bibi."

"Msalimie sana. Na kitabu chako tulikimaliza, usijali."

Tukaenda hivyo kitabu kwa kitabu. Shikamoo kumi za mwanzo nilizisema nikiona aibu. Baada ya hapo sijui nini kilitokea. Nilianza kubadilisha sauti. Mwenye mwandiko wa madoido nilimfanya mwenye maringo, na bibi akamkaripia: "Sema vizuri, shikamoo haisemwi puani!" Aliyechora mashujaa pembeni mwa kurasa aliambiwa aache kuchafua vitabu. Alitokea mtoto wa chokoleti, ambaye kurasa zake tatu zimegandamana mpaka leo, na bibi akamuuliza kama ananawa. Mama aliacha mwiko akaja kuketi.

Sanduku lilipoisha, bibi alikuwa ameinua vidole viwili. "Bado wawili," alisema, akataja majina ambayo mimi nilikuwa nimeyasahau kabisa. Mama akakiri: mwaka mmoja makaratasi yalipungua, akachukua katuni mbili akazijaza ndani ya mabegi, na mabegi yakauzwa Mlola pamoja nazo.

"Umewauza wajukuu zangu?"

"Nisamehe, mama."

"Haidhuru, wako kwa watu." Nikawasalimia hao pia kwa niaba yao, mikono mitupu.

Nikadhani tumemaliza. Nilikuwa nafunga sanduku, nimechoka, nimeridhika, nikiwaza jinsi nitakavyowasimulia wenzangu chuoni. Bibi alikuwa bado ameketi. Akasema majina mengine mawili. Hayakuwa ya Ulaya. Yalikuwa majina ya kwetu, mafupi, nami sikuwahi kuyasikia akiyataja Ijumaa yoyote.

Sikujua ni nani. Lakini nilikuwa nimeshazoea mchezo, na mdomo ukatangulia. "Shikamoo b..."

"Hapana." Aliniwekea mkono juu ya goti, bila ukali. "Hao hapana. Hao niliwazika mwenyewe."

Mama alikuwa ameinamisha kichwa, na ndipo nikaelewa kwa nini alinikataza. Baadaye jikoni aliniambia yote, nayo hayakuwa marefu: msichana na mvulana, kabla baba yangu hajazaliwa, homa, mwaka mmoja. Bibi hakuwahi kumwambia mwanawe. Alimwambia mkwewe, mara moja, siku aliyomwona akipekua begi lenye jina la mtoto.

Pale mkekani sikuwa najua hayo yote. Nilijua tu kwamba asubuhi ile bibi alikuwa na wafu thelathini na watatu, na mama thelathini na mmoja wa kufiwa pamoja naye, wa nchi ambazo hatafika. Sasa nilikuwa nimewarudishia wote watoto wao. Alibaki mama mmoja.

Bibi alifungua viganja vyake. Aliniangalia kwa pembeni, kama anayejua kwamba mambo haya ya dua nimeyaacha tangu mwaka wa pili wa chuo na hataki kunilazimisha.

"Wewe nenda kaangalie maharage jikoni," alisema.

"Maharage yapo, bibi," nikasema, nikasogea karibu naye, nikafungua viganja vyangu.